Shati la mchinjaji na miezi 14 ya "iko maabara"

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Kaka yangu ni mchinjaji wa mbuzi. Mwaka jana mtu aliuawa mtaani kwetu, polisi wakamkamata kaka na kuchukua shati na kisu chake, vyote vina damu. Yeye anasema ni damu ya mbuzi. Sasa ana miezi 14 mahabusu. Kila kesi ikitajwa, mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika, majibu ya DNA hayajatoka maabara. Kwenye sinema majibu hutoka siku hiyo hiyo. Kipimo hiki kinachukua muda gani kweli? Tunafichwa kitu? Tunaweza kulipia kiharakishwe, au tupime wenyewe kwingine? Na damu ya muda wote huo si imeshaoza?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na poleni. Nimepokea na kupima vielelezo vya jinai kwa miaka mingi, na hili ndilo swali nililoulizwa sana dirishani, na ndugu za watuhumiwa na ndugu za marehemu vilevile. Nikujibu la kwanza bila kuzunguka. Kipimo cha DNA cha doa la damu kwenye shati, likishawekwa mezani, ni kazi ya siku mbili au tatu. Ongeza kuandika ripoti na kuhakikiwa na mtu wa pili, utapata wiki moja au mbili. Miezi yote iliyobaki shati halipimwi, limelala mahali. Kazi yenu na wakili wenu ni kujua limelala wapi.

Maneno "iko maabara" yana maana zaidi ya moja. Yanaweza kumaanisha kielelezo kimepokelewa, kimeandikwa kwenye rejista, kimepewa namba ya maabara na kinasubiri zamu. Yanaweza kumaanisha kilifika kikarudishwa, kwa sababu lakiri, ule muhuri wa kufungia bahasha, ilikuwa imepasuka au jina kwenye bahasha halikufanana na la kwenye barua, na aliyekirudisha akakiweka stoo kusubiri barua mpya ambayo mpaka leo hajaiandika mtu. Na yanaweza kumaanisha hakijawahi kutoka kituoni. Kiko kabatini kwa mtunza vielelezo, mpelelezi aliyekifunga amehamishiwa wilaya nyingine, na aliyerithi jalada amekuta mstari mmoja tu: "sampuli zimepelekwa maabara." Mwendesha mashtaka anayesimama mbele ya hakimu anasoma mstari huo huo. Mara nyingi wala hadanganyi, anasoma alichoandikiwa.

Usidhani ni maradhi ya kwetu peke yetu. Agosti 2009, katika jiji la Detroit, Marekani, msaidizi wa mwendesha mashtaka aliingia kwenye ghala la polisi la vielelezo akakuta rafu juu ya rafu za maboksi ya sampuli zilizochukuliwa kwa watu waliobakwa. Yalipohesabiwa yakawa 11,341, mengine ya tangu miaka ya 1980. Hayakuwa kwenye foleni ya maabara yoyote, maana hakuna aliyeyapeleka. Mwendesha mashtaka mkuu wa kaunti ile, Kym Worthy, alihangaika miaka kutafuta fedha za kuyapima, na yalipopimwa yakaibua wabakaji wa kurudiarudia kwa mamia. Watu wengi huita jambo lile mlundikano wa maabara. Mimi naliita mlundikano wa stoo, na tofauti hiyo kwenu ni kubwa, kwa sababu foleni ya maabara husogea hata kama ni polepole, lakini ya stoo haisogei kamwe mpaka mtu aje aulize.

Nikueleze kinachofanyika ndani, ili ukiambiwa "bado" ujue kuuliza imebaki hatua gani. Bahasha ikifika tunaanza na lakiri na maandishi kabla hata ya kujua ndani kuna nini. Shati linatandazwa juu ya karatasi safi, linapigwa picha, madoa yanawekewa alama. Doa linaguswa kwa kijiti cha pamba kisha kijiti kinadondoshewa dawa, kikigeuka rangi ya waridi basi pengine ni damu. Hizo ni dakika chache. Kipande kidogo kinakatwa na kulowekwa kwenye dawa ya kuvunja seli, vinasaba, ndiyo hiyo DNA, vinachujwa, na hapo inakwenda nusu siku au usiku mzima. Vinapimwa wingi wake. Vinaingia kwenye mashine ya kuvizidisha kwa saa mbili tatu, halafu kwenye mashine ya kuvisoma. Mwisho unatoka mchoro wa vilele, na hapo ndipo kazi ya mtu inaanza: kukaa na mchoro ule na kuamua kama ni mtu mmoja au wawili, kama kilele hiki ni cha kweli au ni kelele za mashine. Sinema hukata sehemu hiyo kwa sababu haina cha kutazama. Ni mtu na kompyuta, na chai imepoa.

Kuna subira nyingine humo humo ndani ambayo haionekani. Sahani inayoingia kwenye mashine ina vishimo 96, na kila safari lazima ibebe sampuli za udhibiti: moja tunayojua itatoa nini, nyingine isiyo na kitu ndani, ili tukiona kitu pale tujue kuna uchafu umeingia. Dawa za safari moja ni ghali, iwe sahani imejaa au ina sampuli nne. Kwa hiyo mashine hufanya kama daladala, dereva haondoki na abiria watatu. Maabara yenye mafaili mengi hujaza sahani kila siku. Ndogo husubiri ijae. Halafu mashine moja ikiharibika na fundi wake yuko nchi nyingine, kituo kizima cha daladala kinasimama.

Sasa tuje kwa mbuzi, maana humo kwenye barua yako ndimo kuna jambo lenye faida kuliko yote.

Ile dawa inayogeuka waridi haijui mbuzi wala mtu. Inajibu damu yoyote, na hata vitu vingine visivyo damu huweza kuidanganya. Lakini kipo kipimo kingine, kikadi kama kile cha kupimia mimba au malaria, ambacho husaka himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, ya binadamu. Damu ya mbuzi, ng'ombe au kuku haikigusi. Jibu lake ni dakika kama 10, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na DNA. Na hata pasipo kikadi hicho, ile hatua ya kupima wingi wa vinasaba hutumia dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya vinasaba vya binadamu, hivyo doa la damu ya mbuzi peke yake lingeonekana tupu hapo hapo katikati ya safari.

Mimi ningependa kujua barua iliyoambatana na shati la kaka yako iliuliza nini. Nimesoma mamia ya barua za maombi ya uchunguzi, na nyingi zina sentensi moja: "tafadhali pima DNA." Chini yake kuna orodha ya vitu 20 au 30, kuanzia soksi, pakiti ya sigara, kipande cha godoro, mpaka kijiko. Mpelelezi hana nia mbaya. Anaogopa kulaumiwa kesho kwamba aliacha kitu, basi anapakia vyote. Ila kila kimoja kati ya hivyo 30 kinachukua kishimo, kinachukua saa za mtu, na kinamsukuma nyuma aliyeko foleni, ambaye safari hii ni kaka yako. Barua nzuri ya kesi yenu ingekuwa na maswali mawili kwa mpangilio: damu iliyo kwenye shati na kisu ni ya binadamu? Kama ni ya binadamu, ni ya marehemu? Swali la kwanza likijibiwa "hapana" kwa madoa yote, la pili halina kazi. Kwenye maabara zenye msongamano mkubwa ambako niliona nafuu ikipatikana, nafuu ilianza na mtu mmoja mzoefu kuwekwa dirishani, kazi yake kusoma barua, kumpigia mpelelezi na kumwambia, "Ndugu, kati ya hivi 30, tuanze na vitatu."

Nikutahadharishe hapo hapo. Damu ya mbuzi kwenye shati la mchinjaji haimsafishi mtu moja kwa moja. Shati moja linaweza kuwa na damu ya mbuzi begani na ya mtu kwenye kikwapa, ndiyo maana kila doa hupimwa peke yake. Kisu nacho kinaweza kuwa kimefutwa kwenye makali, damu ikabaki kwenye kiungo cha mpini. Usiende mahakamani na imani kwamba kikadi kimoja ndicho kitakachofungua mlango.

Kuna jambo jingine linalochelewesha majibu ya DNA ambalo watu hulisahau. DNA haitaji jina la mtu, inalinganisha. Damu ya shatini ikishasomwa lazima iwepo sampuli ya marehemu iliyochukuliwa wakati wa uchunguzi wa maiti, na ya mtuhumiwa pia. Ikikosekana moja, faili linafungwa kamba na kusubiri. Mfano mzito kuliko yote ukanda wetu huu ni msitu wa Shakahola, kule Kilifi, Kenya, walikozikwa wafuasi wa dhehebu lililowafundisha kufunga kula mpaka kufa. Miili iliyofukuliwa kuanzia Aprili 2023 ilifika 429 kabla ya mwaka kwisha, na ya kwanza ilikabidhiwa kwa ndugu pale Malindi mwishoni mwa Machi 2024. Watu walilalamika, na walikuwa na haki, lakini fikiria ile kazi. Mwili uliokaa ardhini hauna damu ya kugusa kwa pamba. Unatumia jino au mfupa, unaosafishwa, unasagwa unga, unalowekwa siku kadhaa kuondoa chokaa ndipo vinasaba vitoke, na mara nyingi hutoka vichache na vilivyokatikakatika. Baada ya yote hayo unahitaji mate ya mzazi, mtoto au ndugu wa kulinganisha. Familia nyingine ziliangamia zote humo msituni, na ndugu wengine hawakujitokeza. Mashine hata ingekuwa ya dhahabu, hapo haina la kufanya.

Turudi kwenye foleni yenyewe, kwa hesabu ya dukani. Tuseme maabara ina mafaili 5,600 yanayosubiri, na uwezo wake ni kumaliza 400 kwa mwezi. Faili linaloingia leo likikaa mkiani litatoka baada ya miezi 14, hata kama kazi yake ni ya siku mbili. Hakuna aliyezembea na hakuna aliyeficha. Sasa tuseme kwa mwezi yanaingia 420. Tofauti ya 20 inaonekana si kitu, lakini baada ya mwaka mlundikano umeongezeka 240, na hautapungua wenyewe kamwe. Ndiyo sababu maabara inaweza kuonekana iko sawa kwa miaka kisha ikaanguka kwa msimu mmoja: ilikuwa ikifanya kazi ukingoni mwa uwezo wake, likaja jambo moja dogo, mashine ikafa wiki tatu au mkemia mmoja akaenda likizo ya uzazi, na deni lile halikulipika tena.

Kisha kuna "dharura". Kila kesi inayopigiwa kelele kwenye vyombo vya habari huja na simu kutoka juu: hii itangulie. Nami nilitii simu hizo, sina cha kujivunia. Lakini sikuwahi kupewa saa za ziada za kuifanya. Saa zile nilizitoa kwenye faili la mtu asiye na wa kumpigia simu. Wengi wa watu hao wako mahabusu, maana shitaka la mauaji halina dhamana, na hapa Tanzania mnalijua hilo vizuri.

Ukitaka kuona maabara ya polisi ikianguka mchana kweupe, tazama Afrika Kusini. Kule maabara za uchunguzi ziko chini ya polisi wenyewe, na kwa vifaa si maskini. Sheria yao ya vinasaba ilianza kutumika mwaka 2015, hifadhi ya kitaifa ya vinasaba ikapanuka, sampuli zikamiminika. Mwaka 2021 waziri wa polisi wa wakati huo, Bheki Cele, alikuwa akihojiwa bungeni kuhusu kesi za DNA zilizorundikana, na mwaka huo hesabu ilivuka laki mbili. Kilichotokea hakikuwa mashine kukosekana. Mikataba ya kununua vitendanishi, yaani dawa za maabara, ilikuwa imekwisha muda wake na mipya haijasainiwa. Mikataba ya matengenezo ya mashine nayo hivyo hivyo. Na katikati ya 2020 kampuni iliyokuwa ikiendesha mfumo wa kompyuta wa kufuatilia vielelezo iliuzima, kukiwa na mgogoro wa malipo na tuhuma za zabuni chafu. Hebu fikiria maabara yenye wanasayansi mamia, mashine za mamilioni, haina dawa ya kuweka ndani yake wala njia ya kujua bahasha fulani iko rafu ipi. Wakemia walikuja kazini wakakaa. Mwaka uliofuata wakapambana, mikataba ikasainiwa, watu wakafanya zamu za ziada, rundo likaanza kushuka. Halafu Aprili 2022 mafuriko ya KwaZulu-Natal yakaingia kwenye maabara ya Amanzimtoti, na kazi ya jimbo lile ikabidi ibebwe na maabara nyingine.

Mimi huwa nawaambia wanaopenda kukata utepe: mkipewa fedha, nunueni kwanza mkataba wa miaka mitano wa dawa na fundi, ndipo mnunue mashine. Hawapendi kusikia hivyo, maana huwezi kupiga picha na mkataba. Nimewahi kuona mashine ya kisasa ikiwa imefunikwa kitambaa cha vitenge kuzuia vumbi, mwaka wa pili tangu izinduliwe, kwa kukosa kitendanishi cha bei ya chini ya matairi ya gari la bosi.

Na fedha peke yake haitoshi. Wamarekani walipitisha mwaka 2004 sheria ya kuzipa ruzuku maabara zao ziondoe mlundikano wa DNA. Fedha zilitoka nyingi, maabara ziliongeza kazi kweli. Lakini mkaguzi wao wa serikali alipotazama mwaka 2019, alikuta maombi yaliyokwama yamepanda kutoka kama 91,000 mwaka 2011 hadi kama 169,000 mwaka 2017, ongezeko la asilimia 85. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupanua kisima kijijini. Polisi walipoona maabara inatoa majibu, na kwamba siku hizi hata alama ya kugusa usukani inaweza kutoa vinasaba, wakaanza kuleta kesi za wizi wa magari na kuvunja nyumba ambazo zamani wasingezifikiria. Maji yalipozidi, na ndoo zikazidi.

Uingereza waligeuza njia nyingine: serikali ilifunga shirika lake la uchunguzi wa jinai Machi 2012, likidaiwa kupoteza kama pauni milioni mbili kwa mwezi, kazi ikaenda kwa kampuni binafsi. Juni 2019 wahalifu wa mtandaoni walizifunga kompyuta za mojawapo ya kampuni kubwa kati ya hizo, Eurofins, na sampuli kama 20,000 zikakwama kwa mkupuo. Sitasema mengi hapo.

Uliuliza kuhusu kulipia kiharakishwe. Mdogo wangu, usifanye. Acha suala la rushwa kuwa kosa, ambalo peke yake lingetosha. Majibu yaliyonunuliwa haraka yanavunjika kirahisi kwenye mahojiano ya upande wa pili, na yakivunjika hayavunjiki nusu. Haraka yenyewe pia ina sumu yake. Boston, Marekani, alikuwepo mkemia wa maabara ya serikali aliyeitwa Annie Dookhan. Alikuwa anapima dawa za kulevya kwa wingi kama mara tatu ya wenzake, na wakubwa, wakiwa na rundo la kesi mgongoni, walimsifu. Mwaka 2012 ikafichuka kwamba sampuli nyingi alikuwa anazitazama kwa macho tu na kuandika jibu, na nyingine alizichezea. Alifungwa 2013. Mwaka 2017 mahakama kuu ya jimbo ikafuta kesi zaidi ya 21,000 kwa mpigo. Wasio na hatia walikuwa wamekwisha kukaa jela, na wenye hatia wakatoka. Kwa hiyo ukisikia ripoti ya kaka yako inasubiri mhakiki wa pili, hizo siku chache zivumilie. Zile ndizo siku pekee katika miezi 14 ambazo zinamlinda.

Kuhusu kupima wenyewe kwingine: shati si mali yenu tena, ni kielelezo, na hamtalishika. Hata mngelipata, kuanzia dakika lilipotoka kwenye lakiri linakuwa nguo tu. Mahakama ya Rufani imetupa kesi si moja kwa sababu haikuonyeshwa kwa maandishi nani alimkabidhi nani kielelezo, lini, na lakiri ikiwaje. Mnyororo ule wa makabidhiano ukikatika upande wa mashtaka huwa silaha ya utetezi. Msiukate wenyewe. Tena Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu mwaka 2009 inayosema nani anaruhusiwa kuchukua na kupima, kwa ombi la nani.

Damu kuoza ni swali zuri, na jibu lake linategemea mfuko. Damu iliyokaushwa kivulini ikafungwa kwenye karatasi, mahali pakavu, huhifadhi vinasaba miaka na miaka. Boksi za Detroit zilipimwa baada ya miongo na zikatoa majibu. Lakini shati lililofungwa likiwa bichi kwenye mfuko wa nailoni, likawekwa kwenye stoo ya bati ya pwani yetu hii, linaota ukungu ndani ya siku chache, na bakteria wanakula vinasaba. Nimefungua mifuko ya namna hiyo. Kabla ya kuona kitu unakiona kwa pua. Hapo hata jibu la "haikupatikana DNA ya binadamu" halina maana kwamba haikuwepo, na ripoti ya uaminifu lazima iseme hivyo. Kisu hakina shida sana na mfuko, shida yake ni kutu. Damu ya majimaji, kama ile ya kupima pombe kwa dereva, ni habari nyingine: hiyo ikikosa dawa ya kuihifadhi na jokofu, yenyewe hutengeneza pombe kwa kuchachuka.

Sasa cha kufanya. Mwombeni wakili, au mtoa msaada wa kisheria kama hamna uwezo wa wakili, aache kuuliza "majibu yametoka?" Swali hilo lina jibu moja la bure: bado. Siku kesi itakapotajwa tena aombe mahakama imtake mwendesha mashtaka aje na vitu vinavyoandikika: namba ya maabara ya kielelezo, tarehe kilipopokelewa dirishani, jina la afisa aliyekipeleka, na barua ya maombi iliuliza nini. Kama ni maabara ya serikali inayofanya kazi, vitu hivyo vinne viko kwenye rejista na vinapatikana kwa simu moja. Aulize pia kama sampuli ya marehemu ilipelekwa pamoja nayo, kwa sababu nimeona faili likisubiri mwaka mzima chupa moja ya damu ambayo daktari aliichukua, akaiandika, na hakuna aliyekwenda kuifuata hospitali. Na aulize kama kisu kilipelekwa kuchukuliwa alama za vidole. Kwa Tanzania, DNA, sumu na dawa za kulevya ni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ilhali alama za vidole, silaha na maandishi ni kwa kamisheni ya polisi ya uchunguzi wa kisayansi. Jalada moja linaweza kuwa linangoja majengo mawili, na alama za vidole zitangulie, maana kijiti cha pamba kinazifuta.

Wakili anaweza pia kuomba kwa maandishi kwamba swali la binadamu au mnyama lijibiwe kwanza kwa ripoti fupi, kabla ya DNA kamili. Sikuahidi kwamba watakubali. Lakini ni ombi ambalo mkemia akilisoma atalielewa mara moja, tena atafurahi, maana linampunguzia kazi badala ya kumwongezea. Ripoti ikija, mkumbuke kuwa inaweza kupokelewa bila mkemia kuwepo, na kwamba kaka yako ana haki ya kutaka aitwe ahojiwe. Itumieni haki hiyo kama kuna cha kuuliza, si kwa mazoea. Niliwahi kupanda basi alfajiri kwenda kutoa ushahidi mkoa wa mbali, nikalala huko, asubuhi shauri likaahirishwa kwa kuwa wazee wa baraza hawakutimia. Siku tatu zangu zilikwenda, na mezani kwangu vilikuwepo vielelezo vya watu wengine.

Ikiwa namba ya maabara ipo na tarehe ya kupokelewa ni ya miezi 13 iliyopita, basi mko foleni, na mnachoweza kuomba ni kipaumbele kwa sababu mtu yuko mahabusu. Ikiwa tarehe ni ya mwezi uliopita, wakili aulize shati lilikuwa wapi mwaka mzima na nani alikuwa na ufunguo. Na ikiwa namba haipo kabisa, shati liko kituoni. Hapo swali la kwanza kwa mtunza vielelezo, kabla ya lawama yoyote, liwe hili: shati limefungwa kwenye karatasi au kwenye nailoni?